Fundi wa Vigae na Mkono Unaopenda Kukata

Saa tatu asubuhi. Tuulikki Rautakoski amepiga magoti kwenye sakafu ya bafu mjini Oulu, Finland, na kahawa yake inapoa. Mbele yake kuna kigae kimoja kikubwa cha mraba, vyembamba saba na vidogo kumi na viwili. Anataka vyote viunde mstatili mmoja.

"Wee Tuulikki, mwenye nyumba anataka kuoga kabla ya Krismasi," anamtania Jorma, fundi mwenzake.

"Barafu mtoni imeshatobolewa, akaoge huko. Nipe dakika kumi."

Vigae hivyo ndivyo x² + 7x + 12: kikubwa ni x², kila chembamba ni x, kila kidogo ni moja. Pande mbili za mstatili ndiyo mabano mawili anayoyatafuta.

Tuulikki, 47, ameweka vigae miaka ishirini na sita. Magoti yamechoka, daktari amempa miaka miwili tu ya kuendelea na sakafu. Chuo cha ufundi kitampa kazi ya kufundisha akifaulu hisabati ya shule ya jioni. Ameshaanguka mtihani huo mara mbili. Jaribio la mwisho ni Alhamisi.

Anapanga vyembamba viwili upande huu, sita upande wa pili. Vidogo vinajaza kona sawasawa, lakini chembamba kimoja kimepungua. Mkono unaifuata mashine ya kukatia.

"Acha! Ndivyo ulivyoanguka!" Jorma anamzuia.

Tuulikki anacheka. "Fundi akiona pengo, anakata kipande. Kwenye mtihani niliona saba haitoshi, nikaandika nane. Ikakaa vizuri sana, tena nikaondoka naringa."

Anavipangua, anavipanga upya: vitatu huku, vinne kule. Hakuna pengo.

"x jumlisha tatu, mara x jumlisha nne!" Anajipiga goti kwa furaha, kisha anaguna kwa maumivu.

"Pole, mwalimu. Sasa tufanye kazi?"

Saa tisa ukuta umekwisha. Kwa chaki, Tuulikki anaandika sakafuni: x² − x − 12.

"Hapa kuna kutoa. Kigae kisichokuwepo nakiweka wapi?"

"Mimi hapo ndipo nilipoacha shule," anasema Jorma.

"Wanafunzi wangu hawataacha. Nitawapa vigae kwanza, vitabu baadaye."

Kesho saa nne sakafu hiyo itapakwa gundi. Tuulikki atafika saa moja, alitafute jibu kwa vigae. Anaiacha chaki ilivyo, na mashine ya kukatia anamkabidhi Jorma alale nayo kwake, mkono usije ukashawishika kukata.