Ruhusa ya Kwenda Kuvua Papa

Video yenyewe ilikuwa fupi. Mwanamume ameketi kwenye kamtumbwi ka plastiki, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto anayelishwa uji, na papa anamvuta baharini kwa kasi ya pikipiki. Shemeji alinionyesha tukiwa Malaba, kwenye foleni ya malori, tukisubiri chai ichemke kando ya trela lake. Yeye ni kaka wa marehemu mke wangu, dereva wa Mombasa hadi Kampala.

"Hiyo inaitwa kayaki," akasema. "Pwani wanakodisha."

"Huyo mtu hana mke," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema vile. Mimi pia sina. Shemeji akashindwa kujizuia, nami nikamfuata, tukacheka mpaka dereva wa lori la mbele akaja kuuliza kuna nini.

Chai ilipoisha tulikuwa tumepanga safari yetu wenyewe ya kuvua papa. Kayaki tuliikataa, maana shemeji hajui kuogelea, na akizama mimi ndiye ningeenda kumweleza mama yake. Tungesimama kwenye miamba. Anajua mahali, mbele kidogo ukishapita Mombasa, ambapo mawe yameingia kwenye maji ya kina na wenyeji hurusha mishipi kutoka huko. Mambo mengine aliniachia mimi. Nimevua mbuta, wale sangara wakubwa wa ziwani, huko Budalang'i tangu nilipoacha shule darasa la saba. Nikasema tutabeba kamba nene, ndoano kubwa, rungu la kumpiga kichwani, na chambo chetu wenyewe: kambare mumi wadogo walio hai, ndani ya jerikeni ya maji ya ziwa, kama tunavyofanya kwa mbuta.

"Papa atamkubali mumi?"

"Hajawahi kumwona. Atamla kwa udadisi."

"Atadhani ni mgeni wa heshima," akasema shemeji, tukaanza tena.

Lakini sikuwa nimesema ndiyo. Tangu tumzike mke wangu sikuwa nimeenda popote kwa raha, na niliogopa jambo moja: mama yake asikie niko pwani nafurahi, aseme nimemsahau binti yake. Nikamwambia shemeji kwamba mama asipokubali, siendi.

Jumapili tukaenda kwake Sigalame. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, kwa hiyo mimi niliketi sebuleni, naye akabaki jikoni, nyuma ya ukuta usiofika kwenye mabati. Kila neno linasikika pande zote mbili, ila lazima lipitie kwa mtu wa kati. Shemeji aliketi mlangoni na ndizi mkononi.

"Mwambie karibu," akasema mama mkwe.

"Anasema karibu."

"Mwambie asante, mama."

Shemeji akaeleza safari. Aliieleza vibaya, akianzia kwenye meno ya papa. Kisu cha mboga kikasimama huko jikoni.

"Muulize, huyo samaki analiwa?"

"Analiwa, mama. Watu wa pwani wanamkausha."

"Sijakuuliza wewe."

Shemeji akanigeukia. "Huyo samaki analiwa?"

"Analiwa."

"Anasema analiwa."

"Na chambo?"

Hapo nilijaa fahari. Nilieleza habari ya mumi, jerikeni, na jinsi nitakavyobadilisha maji njiani. Shemeji akarudia yote, akaongeza kwamba mumi watakuwa na kiti chao kwenye basi.

"Muulize, bahari si ina chumvi?"

"Ina chumvi."

"Sasa mumi wa ziwa akitiwa humo, ataishi mpaka papa amfikie?"

Nilimtazama shemeji, naye akanitazama. Maisha yangu yote nimekuwa majini. Tulikuwa tumepanga kumbeba samaki kutoka huku mpakani hadi baharini, kumbembeleza, kumbadilishia maji Nakuru, kumbadilishia Nairobi, halafu kumtia kwenye chumvi kama wa kukaangwa. Kicheko kilinitoka. Nilijifunika uso kwa kofia, mabega yakaruka, machozi yakashuka. Mara ya mwisho nilipokuwa katika nyumba hiyo nilikuwa nalia.

Kisha nikakumbuka aliye nyuma ya ukuta. Nikakoma.

"Mwambie anisamehe," nikamwambia shemeji. "Mwambie sijamsahau."

Shemeji hakutia utani. "Mama, anasema hajamsahau."

Mama mkwe akasema, "Mwambie binti yangu alikuwa anacheka vibaya kuliko yeye. Mtu akianguka na baiskeli mbele yake, hata kumwinua alikuwa anashindwa."

"Anasema..."

"Nimesikia," nikasema.

Ni kweli. Mtu huyo mara moja nilikuwa mimi, na mke wangu alikaa chini kabisa barabarani akicheka, huku nimelaliwa na gunia la omena, dagaa wa ziwani.

Kisu kikaanza tena. "Muulize, hayo mawe ni makubwa?"

"Makubwa kama nyumba, mama," akasema shemeji, kabla hajakumbuka kwamba hakuulizwa yeye.

"Mtu anaweza kukaa upande mmoja, na mkwe wake upande mwingine, kila mmoja anaangalia maji?"

Shemeji alisahau kutafuna. "Mama, kwani na wewe unaenda?"

"Sijakuuliza wewe. Muulize yeye."

"Mwambie inawezekana," nikasema. "Mwambie mawe ni mengi."

Tukaanza kupanga upya, sasa watu watatu na ukuta. Kwenye basi mama atakaa mbele kabisa, mimi nyuma kabisa, shemeji katikati akipitisha karanga na maneno. Pwani atasimama kwenye jiwe la kati.

"Na papa akishika ndoano, mimi nitavuta ama nitapeleka ujumbe?" akauliza.

"Utavuta," akasema mama mkwe. "Siku hiyo tutapiga kelele wenyewe."

Tumekubaliana Agosti, mahindi yakishavunwa. Chambo tutanunua huko huko.