Mikono ya Kupalilia

Tuta la mto lilipoinuliwa huku kwetu Rufiji, wenye mradi walitaka ukanda wa chini yake uote matete tena, samaki wapate pa kuzalia. Basi sisi wakulima wa mpunga tukapewa kibarua cha kupanda tulichokuwa tukiking'oa maisha yetu yote!

Mke wangu, huyu wa pili, maana wa kwanza aliondoka na redio yangu, alipanda mstari mzima, akageuka kuutazama, akaanza kuung'oa.

"Mama, unafanya nini?" msimamizi akapiga kelele. "Ukirudia, kibarua huna!"

"Mwanangu, mie sijang'oa. Imeng'oa mikono."

Tulicheka mpaka tukakaa topeni. Msimamizi naye akashindwa kununa, akampa kazi ya kubeba miche, fungu kila mkono. Kibarua kikapona, na matete yakapona.