Fulani Hakunileta Doha

Ijumaa ndiyo siku yetu ya kupumzika Doha, na siku hiyo sisi akina mama wachache wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka, hukutana chumbani kwa muuguzi mmoja wa kwetu magharibi mwa Kenya. Tunakaa kimya kwanza, ndiyo ibada yetu, halafu chai. Mimi shule niliiachia darasa la nne. Muuguzi ndiye msomi wetu, na mwaka huu alianza kututafsiria barua kutoka kwenye simu yake, za akina mama Wakweka wa Amerika wa zamani waliopinga utumwa na kudai haki za wanawake.

Nilitegemea maneno makubwa. Kumbe wanaandikiana habari za mtoto mwenye homa, matunda ya kupika jamu, na hapohapo katikati mtu aliyetoroka utumwani anatafutiwa blanketi. Wengine walikataa hata sukari iliyolimwa na watumwa.

"Chai kavu, bila sukari?" akauliza mwenzetu ambaye ni soja wa lango kule mtaa wa matajiri, The Pearl. "Hao ningewafuata kwa yote, ila hapo tungeachana."

Tukacheka. Mimi nikauliza, "Waliwataja wenye makosa?"

"Waliwataja. Hata wazee wa kanisa lao, waliowaambia wanyamaze wasilete fujo."

Hapo nikajua nitaandika. Wenye ukurasa huu ninaouandikia wameniambia niondoe majina, lakini matendo yao siondoi. Aliyenileta ni mama wa kanisa letu, mke wa karani anayeongoza mikutano ya kanisa, huketi benchi la mbele. Aliniahidi hoteli. Nikajikuta mjakazi nyumbani kwa watu. Bibi mwenye nyumba alifungia pasipoti yangu kabatini, akanilaza stoo na magunia ya mchele, siku moja akanimwagia maji ya moto mkononi. Mume wake aliona, akaendelea kula. Nilipompigia yule mama wa kanisa kwa simu ya dereva wa nyumba ile, alisema, "Vumilia dada, Mungu anakuona," akakata. Mkataba ulipoisha nikarudishiwa pasipoti, nikaondoka. Leo nasafisha vyumba vya hoteli mji wa jirani, Lusail, na sijamsamehe hata mmoja wao.

Sasa nikasikia yuleyule mama wa kanisa anamwandalia safari binti wa marehemu dada yangu. Nilimwonya binti kwa simu, akasema waliofika ndio huwazibia wenzao njia. Basi nikaandika kwa mkono barua ya kusomwa mbele ya akina mama wa kanisa nyumbani, na jina la yule mama nikaliweka.

Muuguzi aliisoma akakunja uso. "Dada, weka 'mtu fulani'. Utajiletea kesi."

"Fulani hakunileta Doha. Alinileta yeye."

"Sista, piga picha karatasi utume," soja akasema. "Wakija kutushika, mlango nalinda mimi. Si ndiyo kazi yangu?"

Nikaituma. Mwenyekiti wa akina mama kule nyumbani aliisoma yote Jumapili, na jina pia. Baadaye alinipigia kunieleza. Yule mama alisimama akasema, "Aje hapa aape kwa Biblia!" Ukumbi ukaguna. Marafiki hatuapi, ndiyo yetu ni ndiyo, hata mtoto wa kanisani anajua. "Wee mama wa karani," mmoja akamwambia, "kwetu kiapo umekitoa wapi?" Akaketi. Walipotoka kanisani, mama yangu mzazi, anayemlea yule binti, alimfuata mpaka kwake na hakuondoka bila pasipoti ya mjukuu wake.

Binti akanipigia.

"Mama mdogo, wewe uko huko unakula, mimi umenifungia njia. Niuze mboga mpaka lini?"

Nikamwambia tu, "Huyo hatakuleta."

"Nikipata mwingine?"

"Nitajie jina lake kwanza, niulizie huku."

Akakata. Mpaka leo haniongeleshi. Lakini yuko nyumbani, na pasipoti iko kwa nyanya yake.