Wali Mwekundu wa Shosho Haruko

Jumamosi iliyopita niliingia kwenye mkahawa mdogo wa Kijapani karibu na stesheni ya Lidcombe, huku ughaibuni tunakoishi, nikapokewa na harufu ya ufuta uliokaangwa na maharagwe madogo mekundu yanayotokota. Nilisahau nilichokuwa nimekuja kula. Nilirudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimesimama jikoni kwetu wakati wa korona, na sielewi chochote.

Ngoja niwasimulie tangu mwanzo. Mama alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee. Alianza kukohoa, na asubuhi moja ambulensi ikamchukua nikiwa chumbani na visikizio masikioni, naimba jedwali la kuzidisha la saba na mwalimu wa kwenye kompyuta. Nilipotoka nikamkuta Baba sebuleni amevaa barakoa, peke yake.

"Mama yuko kazini," aliniambia. "Lockdown imekuwa kali, staff wote wanalala hukohuko."

"But why isn't she calling?"

"Simu zao zimefungiwa kabatini. Mambo ya infection. Wewe soma."

Ukweli ni kwamba Mama alikuwa hospitali, amewekwa kwenye mashine ya kupumulia, na madaktari walikuwa wamemwambia Baba ajiandae kwa lolote. Kumtembelea hakukuruhusiwa. Hayo niliambiwa nikiwa mkubwa. Wakati ule nilichojua ni kwamba baba yangu, mtu wa mizaha, alikuwa akifungua friji, anasimama pale kitambo, kisha anaifunga bila kutoa kitu.

Sisi pia tulikatazwa kutoka nje, kwa hiyo Baba hakwenda kazini kwake ghalani kule Wetherill Park. Hapo ndipo vyakula vilipoanza kuja. Mlango unabishwa, ukifungua hukuti mtu, bakuli limefunikwa liko chini. Aliyeleta alikuwa jirani wa mlango wa pili, mzee wa Kijapani tuliyemwita Shosho Haruko, kama tunavyowaita nyanya zetu kule Thika.

Siku ya kwanza alileta uji wa mchele, mweupe, laini, na katikati tunda moja jekundu lililokunjamana. Nikadhani ni peremende, nikalitia mdomoni zima. Jamani! Ukali wake na chumvi yake vilinitoa machozi. Lakini kilichonichanganya zaidi ni uji wenyewe, maana kwetu uji wa mchele hupikiwa mgonjwa.

"Nani anaumwa?" nilimuuliza Baba.

"Kula," alisema.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na sheria: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Baba, ambaye upishi wake uliishia kwenye ugali na mayai, alikanda chapati ngumu ajabu, akazipanga ndani ya lile bakuli na kuliacha mlangoni kwa Shosho. Kumbe na Wajapani wana sheria hiyohiyo. Kesho yake bakuli likarudi na mchuzi wa nyama na viazi wenye utamu wa sukari. Baba akajibu kwa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Shosho akajibu kwa matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani mweusi, ambayo ukiyapata popote nakusihi uyaonje. Hakuna aliyejua namna ya kuacha bila kumvunjia mwenzake heshima.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," Baba alinung'unika siku moja, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. "Huyu shosho atanimaliza."

Nilicheka, naye akacheka, halafu akageukia sinki na kufungua maji kwa nguvu. Sikuelewa kwa nini mtu anacheka hivyo na mabega yanatetemeka.

Kisha ikaja siku ninayotaka kuwaambia. Asubuhi simu ya Baba ililia, akatoka nayo kwenye roshani. Kupitia kioo nilimwona akimsemesha Shosho Haruko aliyekuwa akianika nguo upande wake. Shosho akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akainama. Baba naye akainama. Wakainamiana tena na tena kama watu waliopotelewa na sindano sakafuni, na baba yangu hakuwa mtu wa kuinamia watu. Aliporudi ndani alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Nikamuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu.

Jioni mlango ukabishwa. Ndani ya bakuli jeusi linalong'aa mlikuwa na wali mwekundu wenye maharagwe, umenyunyiziwa ufuta.

"Leo Shosho amepika chakula cha watu!" Baba alisema, na macho yake yalikuwa yamevimba.

Mimi nilisikitika. Maharagwe yalikuwa chakula cha kila wiki, na haya yalinata, hayakuwa hata na kitunguu. Nikaongeza nilichoongeza, nikala, nikaomba tena.

Mama alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Nikaambiwa kazi ilikuwa nyingi.

Basi Jumamosi ile nilimuuliza mwenye mkahawa kwa nini amepika wali mwekundu. Akatabasamu, akasema mjukuu wake amezaliwa, ndiyo maana ameupika. Haupikwi hivihivi. Hupikwa kwa furaha: mtoto akizaliwa, mtu akifaulu, mgonjwa akiokoka.

Nilitoka nje nikampigia Mama simu palepale barabarani.

"Siku waliyokutoa kwenye mashine, Baba alimwambia nani kwanza?"

"Shosho Haruko. Wewe angekwambiaje nimepona, na hakuwahi kukwambia naumwa?"

Nililia mbele ya wapita njia bila aibu. Nilimhurumia Baba, aliyekuwa na furaha kubwa namna ile na hana wa kuigawia ndani ya nyumba yake. Kumbe mimi pia nililetewa habari siku ileile. Habari kwamba mama yangu ataishi iliwekwa mlangoni petu, bado ina moto, nami nikaimwagia tomato sosi.