Nilichosoma Redioni na Nilichosema kwenye Simu

Mimi ni msomaji katika redio moja ndogo hapa Musoma. Nasoma habari, nasoma matangazo ya vifo, na asubuhi na mchana nasoma mwelekeo wa hali ya hewa. Wataalamu wanatuma, mimi naweka kwenye karatasi na kusoma kwa sauti ya taratibu, kama tulivyofundishwa.

Masika ya mwaka juzi, siku ya Jumatano, karatasi ilikuwa nzito. Mvua kubwa kwenye mwambao wote wa ziwa, kuanzia kwetu mpaka upande wa Bunda, hadi mwisho wa wiki. Upepo mkali na mawimbi. Wavuvi wasiingie ziwani, na wanaoishi mabondeni au kwenye nyumba dhaifu wahamie mahali salama. Niliisoma asubuhi, nikairudia mchana.

Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimesoma karatasi kama hiyo, na mvua haikuja. Kijijini kwetu Bugwema watu walibeba magodoro wakaenda kulala kanisani. Mama yangu, ambaye alikuwa amepooza upande wa kushoto, alibebwa juu ya kitanda na wanaume wanne. Alikaa kanisani siku mbili, jua linawaka, kisha akarudishwa nyumbani akiwa na vidonda mgongoni. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Kumbe na nyie wa redio mnabahatishaga." Alisema kwa utani, lakini niliona aibu. Hata bodaboda wa pale Nyasho ninapoishi walikuwa wananiuliza kila asubuhi, "Dada, leo tubebe makoti au tuache?" Kisha wanacheka.

Kwa hiyo Jumatano ile, wifi yangu aliponipigia nikiwa bado kwenye korido ya studio, nilikuwa na hiyo aibu moyoni. Wifi ni mke wa kaka yangu. Ndiye aliyekuwa akimwogesha mama, akimlisha na kumgeuza kitandani. Kaka alikuwa visiwani kwenye kambi ya dagaa.

"Wifi, nimekusikia," alisema. "Sasa mama tumhamishe? Ule ukuta wa nyuma umeshaanza kulowana chini."

Nyumba ya mama ilikuwa ya matofali mabichi, imejengwa kabla mimi sijazaliwa.

"Mwenyewe anasemaje?" nikamuuliza.

"Hataki. Anasema mgongo bado."

"Basi msimsumbue. Subirini Jumamosi, nitakuja na gari tumlete huku mjini."

"Lakini redioni umesema watu wahame."

"Nimesoma kilichoandikwa. Si unakumbuka ile ya mwezi uliopita?"

Akasema, "Sawa wifi. Wewe ndiye unajua." Nikarudi ndani kusoma matangazo ya vifo.

Mvua ilianza Alhamisi kabla ya mchana na haikukata. Ijumaa asubuhi nilisoma tena karatasi ileile, safari hii maji yanapiga bati la studio mpaka fundi mitambo akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo wangu. Nilipotoka nilimpigia wifi, simu haikupatikana. Nilipiga tena na tena. Saa nane mchana ilinifikia simu ya mwalimu mmoja, jirani yao. Alisema ukuta wa nyuma umeanguka ndani, upande wa kitanda. Wifi alikuwa jikoni, kwenye kibanda cha nje, akimpikia mama uji.

Wifi alifukua tope kwa jembe, kisha kwa mikono. Majirani walipofika mama alikuwa anapumua. Barabara ilikuwa imekatika, wakambeba kwa miguu mpaka palipokuwa na gari. Nilimkuta hospitalini jioni, udongo bado uko kwenye nywele. Alinitazama akasema kitu kwa Kijita, lugha yetu ya nyumbani, kwamba anasikia baridi. Nikamfunika kwa kitenge changu. Alifariki Jumapili asubuhi.

Tulimzika kaburi likiwa na maji. Vijana walikuwa wakiyachota kwa ndoo, yanarudi. Mwishowe mchungaji alisema tushushe tu.

Baada ya mazishi ndugu walikaa kikao. Baba mdogo alimgeukia wifi akamuuliza, mbele ya watu wote, "Redio ilitangaza. Mke wa mtu unakaa na mgonjwa kwenye nyumba inayolowana, ulikuwa unangoja nini?"

Wifi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono yake imefungwa vitambaa kwa sababu ya kucha zilizong'oka. Hakunitazama. Alisema, "Ni mimi. Sikuwahi."

Mimi nilikuwa nimekaa mbali naye hatua tatu hivi. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mtu mwingine akasema mambo ya watoto wa marehemu na mashamba, kikao kikasonga mbele.

Haukupita mwezi nikasikia wifi amerudi kwao, upande wa Bunda. Maneno yalikuwa yamezidi. Kisimani wanawake walikuwa wanamwita muuaji. Ndipo nikaenda kwa kaka, mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, nikamkuta anaanika dagaa. Nilimweleza yote, tangu simu ya Jumatano. Alisikiliza huku anatandaza, hakuinua uso.

"Sisi kule kisiwani tulikusikiliza," alisema mwishowe. "Kambi nzima hatukuingia ziwani. Wale wa kambi ya jirani waliingia, hawakurudi." Akatandaza konzi nyingine ya dagaa. "Mimi ulinisomea karatasi. Mama ukampa maneno yako."

Wiki hiyohiyo nilimwomba baba mdogo awaite tena ndugu, nikasema mbele yao niliyopaswa kusema siku ile. Hakuna aliyenigombeza. Baba mdogo alisema tu, "Basi kamrudishe."

Tulikwenda mimi na kaka. Kwao ni wakulima wa pamba, tulimkuta anapalilia na mama yake. Alitukaribisha, akatuletea maji ya kunawa na ugali. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Nilimwambia nimeshasema kwa ndugu wote.

"Nimesikia," alisema. "Ungesema siku ile, wifi, wakati wananiuliza."

Aliangalia mikono yake, kucha zilikuwa zinaanza kuota, zimepinda.

"Mimi nilikuwa nataka kumtoa," akaongeza, sauti ya chini. "Nilishamfungia nguo zake kwenye beseni. Nikazifungua baada ya simu yako."

Tuliondoka bila yeye. Alirudi Bugwema baada ya mavuno, kwa ajili ya watoto wake waliokuwa wamebaki huko. Nikienda huko ananisalimia vizuri, ananitengea kiti, ananiuliza habari za mjini. Hajanipigia simu tena. Akiwa na shida anampa kaka ujumbe, na kaka ndiye ananiambia.