Bomba la Shaba Chini ya Mlingoti

Miaka ile ya kukosa sukari na sabuni, nilikuwa na redio ya mawasiliano nyumbani kwangu Nyakato, Musoma. Nilikuwa mwalimu wa ufundi, nina leseni, na mitambo niliiunga mwenyewe. Kule radi haina mchezo, kwa hiyo kutoka kwenye mlingoti wa antena nilishusha waya mnene hadi kwenye bomba la shaba nililolifukia, ili radi ikipiga iishie ardhini. Kila nikisafiri niligeuza swichi, antena iungane na waya ule.

Niligeuza hivyo siku niliyokwenda msibani Manyamanyama, Bunda. Niliporudi nilikuta ukuta umepasuka na redio imeungua yote. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu tuliyeishi naye, akaniambia radi ile ilitumwa, na aliyeituma ni mama mjane wa nyumba ya pili, kwa sababu tuligombana naye juu ya kuku. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshampa mama huyo siku tatu ahame.

Nilichukua jembe nikachimba chini ya mlingoti. Udongo ulikuwa laini. Bomba halikuwepo, na waya ulikuwa umekatwa kwa msumeno.

Nililikuta nyuma ya jiko letu, limepindwa, linatonesha gongo ya shemeji kwenye chupa. Siku tunalifukia, shemeji ndiye aliyenishikia mtaimbo, na nilimweleza kazi ya bomba hilo. Nilimkamata shati nikamburuta hadi kwa balozi. Watu walikuwa wamejaa kwa ajili ya kesi ya yule mama, naye amekaa chini peke yake.

"Sema," nikamwambia.

"Bomba nilichukuaga mimi," akasema, macho chini. "Niliogopa kusema."

Balozi alikohoa, akasema basi yamekwisha, mama arudi nyumbani kwake.

Mama akasimama, akakung'uta khanga. "Mlikuja kwangu na mapanga," akasema. "Sasa mnaniambia nirudi nikapike?"

Asubuhi yake alikwenda kwa binti yake Butiama, hakurudi tena. Hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi.

Shemeji nilimfukuza. Mke wangu alininunia, nikamwacha anune. Wiki iliyofuata nikaona mbuzi wa balozi wamefungwa kwenye shamba la mihogo la yule mama. Nilimfuata balozi, nikamuuliza nani amempa shamba lile. Aliniambia nishughulike na redio yangu.