Msimamizi wa Lucy

Theresia Komba ni fundi cherehani wa Chikongola, Mtwara mjini. Hakujaliwa kuzaa. Ila miaka ishirini na sita iliyopita jirani yake alimwomba amsimamie bintiye ubatizo, akakubali, na tangu siku hiyo Lucy akawa na mama wawili. Theresia ndiye aliyemfundisha Salamu Maria, na ndiye aliyemshonea sketi ya kwanza ya shule, akaiwekea upindo mpana ili imkae miaka mitatu.

Sasa Lucy ni mwalimu katika kijiji cha Mahurunga, ana mume na mtoto mchanga. Mwezi wa kwanza alipiga simu.

"Mama, Pasaka tunambatiza Goodluck. Nataka umsimamie wewe."

Theresia akakohoa. "Tafuta mwenye nguvu zake, mwanangu. Mimi nimezeeka."

Mtu wa miaka hamsini na mbili! Lucy aliumia. Jumamosi akambeba mtoto mgongoni, akapanda gari la asubuhi mpaka mjini.

"Nimekukosea nini?" aliuliza hata kabla ya kukaa.

Theresia akasimamisha cherehani. Ilibidi aseme. Yeye na Fadhili, mpakiaji korosho bandarini, wameishi pamoja miaka kumi na tisa bila ndoa ya kanisani, na mtu wa namna hiyo paroko hamruhusu kusimamia ubatizo. Lucy alimjua Fadhili kama baba wa nyumba ile. La ndoa hakuwahi kuuliza.

"Nilikufundisha dini, halafu mwenyewe sipokei komunyo. Niliona haya kukwambia."

"Na kinachowazuia ni nini?"

"Shela na mvi hizi? Watu watacheka."

Fadhili alikuwa mlangoni, anamenya muhogo. "Mimi niko tayari tangu mwaka wa pili," alisema. "Mwulize yeye anangoja nini."

Lucy akacheka mpaka mtoto akaamka.

Kesho yake, baada ya misa, wakamwona paroko. Ndoa ikatangazwa Jumapili tatu, kisha ikafungwa Jumamosi asubuhi, watu kumi na wawili tu. Theresia alivaa gauni la kitenge alilojishonea. Lucy ndiye aliyemsimamia, akatia sahihi kitabuni. Hakucheka mtu. Wakala wali wa nazi na pweza, na Fadhili akacheza kuliko wote.

Pasaka, Theresia alisimama kanisani Mahurunga amempakata Goodluck. Maji yalipomgusa kichwa mtoto akapiga chafya mbili.

"Mfute upesi, Mama," Lucy alinong'ona.

"Tulia wewe," Theresia akamjibu, "wewe ulilia mpaka padri akasahau maneno."